Mgongo wa Mtarakwa

Mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuja kwetu Free Area aliishika ukulele, gitaa dogo la marehemu babu yangu, kwa vidole viwili, kama soksi chafu.

"Mbele ni sawa," alisema. "Vigingi vinane vya mbao, nyuzi mbili mbili. Za aina hii ni chache sana. Lakini huu mgongo ni kiraka cha fundi wa mashambani. Kubalini niung'oe, niweke mbao za enzi yake, tutaongea vizuri."

"Hakuna kung'oa," nyanya yangu alijibu kutoka jikoni. "Huo mgongo ni kazi ya mzee wangu."

"Mathe, si umesema alikuwa mkamuaji wa ng'ombe?"

"Kwani mkamuaji hana mikono?"

Mnunuzi akacheka. Nakiri kwamba hata mimi sikumwamini nyanya. Tangu nirudi kutoka chuo kikuu nimekuwa mtu wa kuuliza "tumejuaje?" mpaka watu wanahama meza. Wajomba zangu husimulia kwamba mzungu aliyemwajiri babu alimzawadia ukulele hiyo, ikiwa nzima, siku alipohama shamba lake la Njoro. Hadithi tamu mno. Lakini maneno ya mnunuzi nayo yalikuwa maneno tu. Nikamwambia arudi kesho.

Nililinganisha sehemu ya mbele na picha za makumbusho mtandaoni. Vigingi vya mbao visivyo na chuma, daraja la nyuzi lililochongwa kwa kipande kimoja: huenda ina miaka mia. Kisha nikanusa ndani ya tundu la sauti. Mtarakwa, mti wa huku kwetu, harufu ileile ya nguzo za ua wetu. Niliingiza kioo kidogo cha vipodozi, nikamulika kwa simu. Upande wa ndani wa mgongo mtu alikuwa amechonga kwa kisu mistari mitatu na ndoano.

Nikakimbilia jikoni, nikamwaga sakafuni makaa ambayo nyanya huyaweka kwenye ndoo kuukuu ya maziwa, nikaigeuza nitazame kitako. Wakamuaji wa shamba lile, wengi wao wasiojua kusoma, walikuwa na alama za kutofautisha ndoo zao. Hii ilikuwa ya babu: mistari mitatu na ndoano.

"Aliiacha alama hiyo alipojifunza kuandika jina lake," nyanya alisema. "Mzungu alikuwa bado yupo."

Kwa hiyo babu aliifungua ukulele hiyo kabla mzungu hajahama. Kama ni zawadi, alipewa kitu kilichovunjika, akakitengeneza mwenyewe.

Kesho yake mnunuzi alitazama kwenye kioo, akainua mabega. "Sokoni hiyo alama haina maana."

"Basi soko lako halijui kusoma, boss," nikamjibu. "Mgongo haung'olewi."

Alipoondoka nikaandika karatasi ya kuweka pamoja na ukulele. Mbele: imetoka ng'ambo, fundi hajulikani. Mgongo: mtarakwa, Njoro, fundi anajulikana.

"Umeandika alikuwa mkamuaji?" nyanya akauliza.

"Nimeandika, shosho."

"Haya. Sasa okota makaa yangu."