Lulu na Shanga za Damu ya Mzee

Siku hiyo, mwanangu, naikumbuka kwa rangi zake. Nilikuwa msichana bado, namsaidia shangazi yangu Zuhura kutunga shanga kwenye kibanda chake pale Kariakoo. Ruksa ya kuingiza bidhaa za nje ilikuwa imeingia, na sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukajikuta na shanga za kila rangi na lulu za kuigiza zinazong'aa mpaka unajisahau. Nilizipenda zote, we acha tu.

Basi akaja binti mmoja kutoka mtaa wa Gerezani, jina lake Tatu, mweusi tii, macho makubwa. Akamwamkia shangazi, akasema harusi yake imekaribia na anataka kidani cha lulu. Nikamuuliza tuchanganye na rangi gani. Akafungua mkoba, akanionyesha kopo la mkorogo alilopewa na mawifi zake watarajiwa, hajaligusa bado.

"Usichague kwa rangi hii unayoiona," akaninong'oneza. "Ikifika siku ya harusi nitakuwa mweupe."

Mimi na akili zangu za kitoto nikaona mteja kasema. Nikampangia lulu na pinki iliyopauka, na samawati kidogo. Pale mezani vilipendeza kweli. Nilipomwekea shingoni na kumpa kioo, binti akainamisha uso. Akasema, machozi yakimlengalenga, kwamba ndiyo maana anataka kujichubua, hakuna kinachomkaa.

Shangazi akaweka uzi chini, na akiweka uzi chini ujue kuna mtu atakiona. Kumbe ni mimi. "Wewe unapamba meza au unapamba mtu?" akaniuliza.

Akamshika Tatu mkono, akamtoa nje juani, akaniagiza nilete shanga za damu ya mzee, ule wekundu uliokolea, na za manjano ya bizari. Akazilaza kifuani pake, akizipokezanisha na lulu taratibu, bila haraka yoyote. Mwanangu, lulu zile ziliwaka! Nilikuwa nazishika kila siku na sikuwahi kuziona hivyo. Tatu akajitazama, akageuka upande, akajitazama tena, kisha akacheka. Alikuwa mzuri, jamani. Akauliza kama na siku ya harusi atapendeza hivyo.

"Ukija na ngozi hii hii, utapendeza hivi," shangazi akamjibu. "Ukija na nyingine, sina shanga zake."

Tatu akasubiri tutunge kidani, akaondoka nacho. Kopo akaliacha mezani. Shangazi akamwaga mkorogo, akaliosha, tukawekea humo zile shanga za damu ya mzee.

Sasa na wewe umeanza kutunga, unanionyesha picha za vidani kwenye simu vimelazwa juu ya kitambaa, na mimi nafurahi. Lakini usimalize kuchagua rangi hujamwona mvaaji, na umwone nje, mchana. Akikuambia umpambe kama mtu mwingine, usimkaripie. Mtoe juani, mpe kioo, umngoje.

Kopo lenyewe ndilo hili. Mfuniko umeshika kutu ila unafunga vizuri. Chukua, ni lako. Mwenyezi Mungu akujalie macho ya kumwona mtu kama alivyo, akubarikie mikono, na kila atakayetoka kwako atoke akicheka kama Tatu. Amina, mwanangu.