Bahasha za Iringa

Kazi yangu ilikuwa kubeba karatasi. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nyingi nilizibeba bila kuzielewa, na nyingine nilizielewa kwa kukaa nazo njiani mpaka tukazoeana.

Kampuni yetu ni ya ujenzi: barabara, mifereji, madaraja madogo madogo. Ofisi kuu iko Iringa mjini. Mhandisi mshauri, yule anayekagua kazi kwa niaba ya mteja, ofisi yake iko Mbeya. Tukimaliza kipande cha kazi, Iringa wanaandaa hati ya malipo, mimi naipeleka Mbeya, mhandisi anasaini na kugonga muhuri, halafu nageuza nayo Iringa. Bila ile saini mteja hatoi hata senti. Nyumbani kwangu ni Ilomba, hivyo nikifika Mbeya nalala kwangu. Zamani lilikuwa jambo la kufurahia. Mke wangu alipofariki, kitanda cha Ilomba na kitanda cha gesti Iringa nikaona ni kimoja, tofauti ni kwamba cha gesti kuna mtu asubuhi anakugongea mlango.

Sasa, huku kwetu hakuna mtu anayekupokelea bahasha umesimama. Hiyo ni kama kumfukuza mtu. Mhandisi wa Mbeya alikuwa ananionyesha kiti kwanza, bahasha baadaye. Iringa ndiyo usiseme. Mhasibu wetu ni mama wa Kihehe, mtu mzima, salamu zake hazina haraka. "Kamwene, baba," anaanza, na hapo ujue chai itafika kabla hajakuuliza umeleta nini. Ananipa habari za shemeji yake mgonjwa, namwambia za goti langu na za mahindi yangu. Watoto wangu wako Dar es Salaam, wanapiga simu sikukuu. Kwa hiyo mazungumzo yangu yote ya mwezi yalikuwa kwenye viti viwili hivyo, kimoja Mbeya na kingine Iringa.

Nilikuwa naelekea wapi? Ndiyo, kalavati.

Tulikuwa na kazi ya mfereji kule Madibira kwenye mashamba ya mpunga. Mhandisi akabadilisha ramani, akataka kalavati la kupitishia maji liwe na tundu kubwa zaidi. Ramani mpya nikapewa mimi. Basi likafia Chimala, tukakaa pale tunakula mihogo ya kukaanga mpaka spea ije. Nafika Madibira, fundi mkuu ameshamwaga zege kwa ramani ya zamani, na zege limeshika. Ikabidi livunjwe. Vibarua wanapiga nyundo, wakulima wamesimama tutani wanatazama, mmoja akaniuliza, "Mzee, hawa kazi yao ni kujenga au kubomoa?" Saruji ile, nondo zile, mishahara ile, vyote vikageuka kifusi.

Mkurugenzi wetu hakumlaumu mtu. Ila baada ya hapo akanunua mfumo wa kompyuta. Akatuita wote Iringa akatueleza. Ramani ikibadilika Mbeya, fundi wa Madibira anaiona kwenye simu yake saa hiyohiyo. Hati ya malipo ikitoka asubuhi, mhandisi anaisaini hukohuko aliko, kabla ya chakula cha mchana iko kwa mteja.

"Jamani," akasema, "saruji tunanunua kwa mkopo. Bahasha ikiwa kwenye basi, riba ya benki inapanda kila siku. Tukilipwa mapema, tunalipa mapema, na mwenye duka la nondo anatupunguzia bei. Kile chumba cha mafaili tunachopangisha, tunakirudisha kwa mwenyewe."

Wenzangu waliuliza maswali. Mimi sikuuliza, maana nilielewa vizuri. Nilielewa hata alichokwepa kukisema, akawa anatazama dirishani.

Lakini mama mhasibu hakukubali. Alijifunza mfumo, anabonyeza kama mtu aliyezaliwa nao, ila hati ikishapita kwenye kompyuta anaichapa tena kwenye karatasi, anaitia kwenye bahasha ya kaki, ananiita. "Baba, peleka ikagongwe muhuri wa wino. Mkaguzi wa hesabu akija nimwambie nini, muhuri uko hewani?"

Basi nikaendelea kusafiri. Nafika Mbeya, mhandisi anacheka. "Mzee wangu, hii nimeisaini tangu juzi. Hela mmeshalipwa na mmeshaitumia! Haya keti, keti, chai ipo."

Nilikuwa naketi. Ila safari zenyewe zilibadilika. Zamani nikiwa njiani simu haikai mfukoni: mzee uko wapi, mzee umepita Makambako, mzee basi linatembea kweli au limelala? Nilikuwa nalalamika kwamba wananisumbua. Sasa natoka Uyole mpaka naingia Iringa, simu kimya. Nikawa naitoa kuangalia kama ina chaji. Ina chaji.

Siku moja mkurugenzi aliona nauli kwenye matumizi. Akatuita mimi na mama mhasibu ofisini kwake. Mama akaanza na mkaguzi wake wa hesabu, mkurugenzi akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akanigeukia mimi.

"Mzee, wewe ndiye unayezipeleka. Hizi bahasha zikirudi, anazisoma nani?"

Mama akanitazama. Alikuwa ananiomba kwa macho niseme lolote lile. Na lilikuwapo la kusema, ningeweza kusema wakaguzi, ningeweza kusema mteja. Lakini nilikuwa nimetoka Madibira wiki ileile, nimeona vibarua wanalipwa Jumamosi yao bila kuzungushwa, wanagawana soda, kitu ambacho enzi za bahasha sikukiona.

"Hasomi mtu," nikasema. "Zinaingia kabatini."

"Baba jamani!" mama akasema.

Tulipotoka akanishika mkono kwenye korido. "Si ungenyamaza tu, baba? Mimi ningeongea."

"Ungesema nini?"

"Ningesema uongo! Mimi ni Mlutheri, ningetubu Jumapili." Akacheka, kisha akafuta macho kwa kanga yake.

Waliniaga vizuri. Nilipewa haki zangu na blanketi zito, nami sina la kulalamika.

Ilomba asubuhi ni baridi. Mtu unaamka, unavaa, unapiga viatu rangi, halafu unakaa na viatu vyako vinavyong'aa. Majirani wanapita wanawahi kazini, wananisalimia wakitembea. Hiyo nayo ni salamu, sikatai.

Mwezi uliopita nilikata tiketi kwa hela yangu, nikaenda Iringa. Mama mhasibu aliponiona akanyoosha mkono, kwa mazoea tu. "Umeleta nini, baba?"

"Sijaleta kitu. Nimekuja kusalimia."

Akaurudisha mkono taratibu. Kiti changu kilikuwa kimewekewa boksi la mashine. Akalishusha chini, akakipangusa, nikaketi.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

Kompyuta ikalia. Hati imeingia kutoka saiti. "Samahani baba, hii inasubiri kidole changu tu."

"Bonyeza, mama. Watu wanasubiri hela."

Akabonyeza. Mara moja tu, imekwisha, imeshakwenda. Akanigeukia tena, mikono mapajani. "Enhe. Mahindi yako mwaka huu vipi?"

Mwaka huu sikulima mahindi. Nikamwambia yamestawi, na palizi ya pili bado, ili aniulize na maharage.