Magurudumu ya Shemeji Sadoki

Shemeji yangu Sadoki alikuwa fundi seremala hodari, lakini mtoto wa tatu kwa baba mwenye kihamba kidogo, shamba la ukoo. Migomba na kahawa vilikwishagawiwa kaka zake. Alipokuja Nkoaranga kumposa dada yangu Tabea, Baba alimjibu kwa upole kwamba binti yake hataolewa akalale chumba cha kupanga. Alete nyumba kwanza.

Dada alilia wiki nzima. Mimi nilimkasirikia Baba, ila kimoyomoyo, maana nyumbani kwetu mtoto hakuonyesha hasira.

Sadoki aliipata nyumba Momela. Mzungu mmoja ambaye Sadoki alimtengenezea madirisha alikuwa na karavani, kile chumba cha bati ambacho wenzake hukikokota nyuma ya gari wakaenda kulala porini. Mvua za miaka zilikuwa zimekiharibu. Dari lilikuwa limevimba, sakafu imeoza, na kitandani umeota uyoga. Mzungu alimwambia akiondoe tu, ni chake. Maksai wakakivuta taratibu mpaka Ngarenaro alikopanga, watu wakicheka njia nzima.

Sadoki hakujali. Alibandua mbao zote, zilizofaa akazipandisha kwenye dari la jiko la Mama, tunapoivishia ndizi, zikaushwe na moshi, kisha akazirudisha. Paa alilitia viraka vya madebe, akaziba matundu kwa lami aliyoomba kwa watengeneza barabara. Sakafu ilitoka kwenye makasha ya dukani. Yale magurudumu mawili ndiyo aliyoyapenda kupita yote. Aliyasugua, akayapaka mafuta na rangi nyekundu hadi yakang'aa.

Siku ya kukagua, Baba aliingia na fimbo yake, akagonga kuta, akanusa. Ndani kulinukia moshi na ndizi mbivu, akatabasamu. Sadoki akapanda juu, akamwaga maji ndoo kwa ndoo. Halikudondoka hata tone. Mimi na dada tulishikana mikono.

Kisha Baba akatoka nje, akaona wekundu ule. Uso ukabadilika.

"Haivuji, mwanangu, nimeona," alisema. "Lakini nyumba inayoweza kuondoka, nikija kumsalimia binti yangu nitamkuta wapi?"

Dada aliinama. Fundi mzima, alikuwa amepamba kile kile kilichomtisha mkwe!

Sadoki akaenda kuazima jeki. Aliinua karavani, akaikalisha juu ya mawe, akafungua magurudumu yote mawili na kuyaviringisha mpaka miguuni pa Baba.

"Baba, kaa nayo wewe."

Baba aliyabeba kwenda nayo nyumbani, akayaweka kwenye ghala la kahawa. Harusi ilifanyika baada ya mavuno, na mgomba wa kwanza nyuma ya karavani ulitoka shambani kwetu.

Mwaka wa pili dada na mumewe walikosana, sijui kwa nini. Wenyewe nao hawakumbuki. Tabea alipanda Nkoaranga na kitita chake, amenuna. Baba alimpa uji, akangoja anywe, kisha akampeleka ghalani na kufunua magunia.

"Magurudumu haya hapa," akasema. "Nyumba yako haijaondoka. Rudi ukakae."

Dada alicheka mpaka akakaa juu ya gurudumu moja. Jioni ile ile alishuka Ngarenaro, na mkungu wa ndizi kichwani.