Kiungo cha Dirishani kwa Mama

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Nikienda sokoni Kasulu kununua maharage, natia mkono mpaka chini ya gunia, maana mazuri huwekwa juu. Mtu akinichekea kabla hajanisalimia, najiuliza anataka nini. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba ningefaa kuajiriwa kulinda ghala la mahindi. Sasa mtu kama mimi, mpe shemeji anayemfanyia wema bila kuombwa, uone kama atapata usingizi.

Wema wenyewe ulikuwa wa mabomba. Barabara ilipotiwa lami, maji ya mvua yaliyokuwa yakitawanyika kila upande yalikusanywa kwenye mfereji mmoja, na mdomo wa mfereji huo ukaelekezwa kwenye mteremko wetu hapa Heru Juu. Udongo wa huku ni mwekundu na laini. Maji yakipata pa kuingilia, yanachimba kwa chini huku juu pakionekana pazima. Msimu mmoja tu korongo likafika nyuma ya nyumba yangu, upande wa chumba cha mama mkwe, na ukuta wake wa matofali mabichi ukapata ufa wa kuingiza kidole. Mvua ikianza nilimhamishia mama sebuleni na godoro lake. Kila mara aligoma, na kila mara nilimbeba na kugoma kwake.

Shemeji ni mdogo wa marehemu. Nyumba yake iko juu yetu, karibu na barabara, na kazi yake ni kuuza mawese. Ndiye aliyepata vipande vinne vya bomba vilivyobaki wajenzi walipoondoka, mabomba meusi ya plastiki, mapana, yenye migongo kama bati. Akachimba mtaro kutoka barabarani, ukapita nyuma ya nyumba yangu mpaka chini kwenye migomba, akayalaza humo.

Kazi ilikuwa kwenye kuunga. Aliosha ncha za mabomba akatoa mchanga wote kwenye mikunjo, akazikutanisha, akazivisha mpira mpana. Juu ya mpira akafunga mkanda mgumu wa plastiki wenye migongo ya kushikana na ile ya bomba, kisha akakaza nati mbili kwa spana mpaka mkanda ukalia. Mama alikuwa ameketi pembeni anatazama. Akamletea kikombe cha mawese ili mpira uteleze.

"Hapana, mama," shemeji akamwambia. "Mawese yataharibu mpira. Kwenye mpira natia povu la sabuni. Mawese ni ya nati tu, zisishike kutu. Nati yenye mafuta hata mtoto anaifungua."

Viungo vilikuwa vitatu: kimoja kwake juu, kimoja kwenye migomba, na cha katikati chini kabisa ya dirisha la mama. Alisema tusivifukie kwanza, tuvitazame kwa mvua chache. Nikajiuliza kwa nini.

Ni lazima niseme pia kwamba nilikuwa na shauri langu ambalo shemeji hakulijua. Binti yangu yuko Kibondo, ana watoto wadogo, nami nilikuwa nimechoka kuishi na korongo mgongoni. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuja na gari lake, akaizunguka nyumba, akautazama ule ufa, kisha akasimama barazani na kusema maji yakizuiwa tutazungumza. Nilitaka kuuza. Kiwanja mume wangu alipewa na baba yake, na nilijua shemeji akisikia ataitisha kikao cha ukoo. Kwa hiyo nilinyamaza. Mama nilimpangia kwenda nami. Sikuwa nimemwambia, lakini nilikuwa nimempangia.

Mvua ya kwanza ilipita bombani yote, tukaisikia ikinguruma nyuma ya ukuta na hapakumwagika hata tone. Shemeji alifurahi akanywa chai kwetu. Mvua ya pili, kiungo cha dirishani kikavuja, maji yakaelekea ukutani. Kile cha juu kwake kilikuwa kikavu. Cha migombani kikavu. Kinachovuja ni changu peke yake.

Shemeji akashuka, akakaza, akala ugali, akakaa na mama mpaka jioni wakizungumza Kiha na kucheka. Mvua iliyofuata kikavuja tena. Akashuka tena. Mara ya tatu sikumsubiri. Niliingia mtaroni mwenyewe. Nati zote mbili zilikuwa zimelegea, nazigeuza kwa vidole, na zilikuwa nyekundu kwa mawese mapya, si yale ya siku ya kwanza.

Mawese! Hapo sikuhitaji shahidi. Nani kati yetu mikono yake inanuka mawese tangu asubuhi mpaka jioni? Niliiona hesabu yote: nyumba ianguke taratibu, kila mtu aseme ni mvua, mjane aende zake kwa binti yake, na kiwanja kirudi kwa mwenye ukoo. Mtu analegeza ukuta wa chumba anacholala mama yake mzazi, kisha anashuka kukaza na kula ugali wangu!

Nikaamua kumkamata. Aliposhuka akakaza tena na kuondoka, nilitandaza majivu kuzunguka kiungo ili nione nyayo zake. Siku nzima nililima shamba la jirani, na niliporudi nikayakagua. Palikuwa na miguu ya kuku, na alama ya duara ya ungo wa mama, maana yeye huketi hapo ukingoni kila siku kuota jua na kupukuchua maharage. Nyayo za mwanaume hazikuwepo. Lakini nati zilikuwa zimelegea. Nikasema moyoni, huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani, amekanyaga kwenye mawe.

Jumapili, baada ya ibada, nilimwita. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Manyovu. Mama alikuwa mahali pake, ungo mapajani.

"Mwakeye, mama," shemeji akamwamkia, kisha akanigeukia. "Kimevuja tena, shemeji?"

"Kimefunguliwa tena," nikamjibu. "Tazama nati. Hayo ni mawese ya nani?"

Akainama, akagusa, akanusa kidole. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Unasema ni mimi?"

"Mimi spana sina. Mawese siuzi. Na kiwanja hiki sikitafuti, kwa sababu ni changu."

"Spana yangu nimeipoteza siku ile ya kwanza. Nakuja na ya kuazima."

"Imepotea!" nikacheka. "Imepotelea mfukoni mwako."

Sauti yake ikawa ndogo. "Shemeji, ningekitaka kiwanja ningekwambia nakitaka. Huyu ni mama yangu. Basi, mimi hapa sitashuka tena. Tafuta fundi."

Akageuka aondoke. Ndipo mama aliposema, "We, rudi."

Aliingiza mkono chini ya maganda ya maharage kwenye ungo, akatoa spana. Ilikuwa inang'aa kwa mawese.

Mimi nilikuwa naitazama ile mikono yake, mikono ya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote, ambayo nilikuwa naikatia nyama vipande vidogo nikidhani haina nguvu.

"Mama, kwa nini?" shemeji akauliza. "Ukuta utakuangukia."

"Ukianguka nitakuwa nyumbani kwangu." Alisema hivyo bila kunitazama. "Maji yakikauka, yule mwenye gari atarudi. Alisimama hapo barazani, mimi niko ndani. Alidhani nimelala. Na huyu mkamwana alidhani nimelala. Kibondo mimi namjua nani? Nani ataniamkia kwa jina langu?"

Shemeji akanigeukia polepole. Habari za mwenye gari alikuwa anazisikia kwa mara ya kwanza. Mimi ninayetia mkono mpaka chini ya gunia, nilikaa na mtu chumba kwa chumba, nikamshuku kila mmoja isipokuwa yeye, na muda wote huo yeye alikuwa ananishuku mimi. Na alikuwa amepatia. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka moto.

Matone ya kwanza yakaanza kupiga bati. Mama alininyooshea spana, mimi, si mwanawe.

"Unataka kufunga, funga."

Niliingia mtaroni na gauni langu la ibada. Shemeji akafuata, akanishikia mkanda. Nilikaza nati ya kwanza, nikakaza ya pili, mpaka plastiki ikalia. Juu yangu mama alikuwa ananikodolea macho mikononi, kama nilivyomkodolea mwanawe wiki zote zile. Maji yakateremka kutoka barabarani yakipiga kelele, yakapita mbele yetu ndani ya bomba, kiungo kikabaki kikavu.

Nilipotoka nimelowa, mama akanyoosha mkono. Anaitaka spana yake. Shemeji alikuwa ananitazama kuona nitafanya nini. Nikampa. Akaifuta kwa kanga, akaingia nayo chumbani, na mpaka leo iko chini ya godoro lake.

Baada ya siku kadhaa mwenye gari alipiga simu kuulizia habari za maji. Nilikuwa barazani na mama alikuwa karibu, vidole vyake vimesimama juu ya maharage. Kiungo kilikuwa kikavu tangu Jumapili ile, lakini nikamwambia bomba bado linavuja, fundi ameshindwa. Akaniuliza kama nina hakika. Nilisikia sautini mwake kwamba hakuniamini.

"Njoo ujionee," nikamwambia.

Hakuja. Mama akaendelea kupukuchua.