Somo Langu, Masaa Yake

Mwalimu wangu wa urubani pale Kitale hakuwa mwalimu. Alikuwa kijana anayetafuta kazi. Kampuni za ndege hazikumtaka rubani mpya asiye na masaa mengi angani, na njia ya kuyapata ilikuwa kufundisha sisi wengine. Basi kila somo langu likawa lake.

Tukiwa juu ya mashamba ya Saboti ananiachia usukani, pale ambapo hata mbuzi angeendesha ndege. Tukikaribia uwanja, ananipokonya.

"Mwalimu, wacha leo nitue mimi."

"Ati utue? Si utavunja ndege, bana! Wewe angalia tu."

Nikaangalia mpaka nikachoka. Anapita chini kwanza kufukuza ng'ombe wa watu uwanjani, anazunguka, anatua, anatabasamu peke yake.

Nyumbani Bungoma, kina mama wa kanisa walikuwa wameshakuja na kuku, wakaniombea na kuanza kuniita Kapteni. Mama alikuwa ameuza shamba la Tongaren ili nisome. Nikifeli, hatuna pa kupanda hata mahindi ya kuchoma.

Mwalimu mkuu wa shule yetu ya urubani akaja kutoka Nairobi kunipima kama naweza kuruka peke yangu. Aliniambia nitue. Ndege ikadunda, ikadunda tena, akaikamata yeye. Tuliposhuka akauliza nimefundishwa na nani. Kijana alikuwa pale pale ofisini akiaga watu, ameshapata kazi.

"Huyu dada ni mzito kushika mambo," alisema, mkavu kabisa.

Nilitaka kumtemea mate.

Mwalimu mkuu alinifundisha kutua upya, na leseni nikaipata. Kumbe hakuna kampuni ya ndege iliyoningoja nayo, sikuwa na masaa. Shule ikaniita, ikaniambia kwa tabasamu, kana kwamba ni zawadi, nikae kwenye kiti cha yule kijana nikusanye masaa na mimi. Uchafu ule ule, sasa nipakuliwe sahani yangu. Nilikubali, kwa sababu Mama alikuwa akilima shamba la kukodi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alipokaribia ardhi aliubana usukani kwa mikono miwili. Mikono yangu ilikuwa inaniwasha nimpokonye. Niliikalia.

Tulidunda vibaya sana, nikauma ulimi. Aligeuka, machozi yanamlenga, akaniuliza kama sasa nitatua mimi.

"Hapana," nikamwambia, mdomo umejaa damu. "Paa tena. Unatua wewe."