Rhobi na Mngurumo wa Ndege

Rhobi ni fundi cherehani wa kijiji cha Kemambo, mke wa Simioni na mama wa Huruma. Masikio yake ni mazima. Shida yake ni kwamba yanasikia kupita kiasi. Sufuria ikianguka jikoni, anashika kichwa kama aliyepigwa. Mjini Nyamongo, ambako bodaboda hupigiana honi hata barabara ikiwa tupu, huenda asubuhi kununua nyuzi na kurudi kabla watu hawajajaa. Kanisani, spika zikianza kukoroma, hutoka akasikilizia dirishani. Wapo waliosema anaringa. Daktari aliyempima alimwambia hali yake si mbaya sana.

"Si mbaya kwa nani?" Rhobi alimuuliza Simioni walipokuwa wakirudi nyumbani.

Mwaka jana dada yake Agustina, anayeishi Dar es Salaam, alianguka akavunjika nyonga. Alitakiwa kufanyiwa upasuaji, na hakuwa na mtu wa kumuuguza. Alipiga simu mwenyewe.

"Sikulazimishi, Rhobi. Najua basi hulipandi."

Ilikuwa kweli. Mara ya mwisho alipojaribu kwenda Dar kwa basi, honi na muziki vilimshinda, akashuka Bunda na kurudi.

"Nitakuja na ndege," Rhobi alisema.

Simioni, aliyekuwa karibu, aligeuka. "Ndege? Wewe unayekimbia blenda?"

"Basi ni siku nzima. Ndege, hata ikiniumiza, itaniumiza muda mfupi."

Habari zikamfikia jirani yao Mboje, Msukuma aliyekuja kufuata dhahabu na sasa anaendesha lori mgodini. Alileta vizibo vya masikio, vile vya sponji wanavyovaa kazini.

"Mama Huruma, usikisukume tu," alisema. "Kiviringishe kiwe chembamba, vuta sikio juu, ndipo ukiingize. Kitajaa chenyewe."

Wakavijaribu palepale. Simioni akagonga sufuria kwa mwiko. Sauti ilimfikia Rhobi, lakini kama inatoka nyumba ya pili. Akacheka, akamwambia mumewe agonge tena.

Uwanja wa ndege Mwanza, alikofika kwa gari dogo la kukodi lisilopiga muziki, alimsogelea binti wa kaunta. Alikuwa amejiandaa kubishiwa.

"Dada, kelele zinaniumiza. Naomba kiti cha mbali na injini."

Binti hakushangaa. "Ndege hii injini zake ziko kwenye mabawa, mama, na nyuma ndiko kwenye kelele zaidi. Nakuweka mbele."

Basi, ikaishia hapo. Rhobi alibaki amesimama hadi aliyekuwa nyuma yake akakohoa.

Kilichomtisha kilikuwa chooni. Alinawa, akapeleka mikono kwenye mashine ya kukaushia, nayo ikamlipukia usoni kwa ukelele mkali. Alitoka mbio, mikono ikidondosha maji, akaketi akiegemea ukuta. Akampigia Simioni.

"Nataka kurudi."

Simioni akamuuliza, "Ndege umeshaipanda?"

"Bado."

"Basi kilichokutisha si ndege."

Rhobi alikata simu kwa hasira. Alikaa mpaka kifua kilipotulia, akaviringisha vizibo kama alivyofundishwa, akavivaa. Walipoitwa, alisimama na wengine.

Ndege ilipoanza kukimbia, alifumba macho akingoja maumivu. Hayakuja. Mngurumo ulikuwa mkubwa kweli, lakini ulikuwa mmoja, haukatikikatiki wala kumvizia. Akagundua jambo ambalo hakuwahi kulijua kwa miaka yote: hakuumizwa na ukubwa wa sauti peke yake, aliumizwa zaidi na sauti ya ghafla. Kengele ndogo ya juu ya viti ilimchoma zaidi kuliko injini.

Ndege ilipoanza kushuka, masikio yakaziba. Mhudumu akainama karibu yake. "Mama, vitoe sasa, taratibu. Meza mate." Alivitoa. Magurudumu yakagusa ardhi, injini zikanguruma upya, na Rhobi akajikuta ameung'ang'ania mkono wa baba mwenye suti aliyeketi pembeni yake.

"Samahani, baba!"

"Shikilia tu, mama. Hata mimi naogopa."

Hospitalini palikuwa na kelele za namna yake: vitanda vya magurudumu, mabeseni ya chuma, milango. Siku nyingine Rhobi alilazimika kutoka nje kidogo, kisha alirudi. Alimwogesha dada yake, akamlisha, akamgeuza.

Baada ya upasuaji, wauguzi walipomtaka Agustina asimame, alikataa. Rhobi akamshika kiuno.

"Inauma," Agustina alisema.

"Najua. Hatua moja tu."

Agustina akasimama, akapiga hatua, kisha nyingine, huku akiwalaani kwa Kikurya daktari, mfupa na fimbo ya kutembelea, kwa sauti iliyofika mwisho wa wodi. Rhobi aliumia sikio la upande ule, na hakumwambia anyamaze.

Alirudi Kemambo baada ya dada yake kuweza kufika mlangoni peke yake. Alirudi kwa ndege, na kwenye kaunta aliomba kiti cha mbele kabla hajaulizwa.