Lugha ya Kufumba Macho

Hadi leo nikinusa spiriti ya hospitali, viganja vyangu hutaka kukutana kama vya mtu anayeomba. Msinicheke kwanza, nitawaeleza.

Nilikuwa msichana wa miaka minane, na bendera mpya ya nchi yetu ilikuwa bado haijapauka juani. Nyumbani kwetu, karibu na Lubao, tulizungumza Kiluhya jikoni na shambani. Kiswahili nilikisikia kanisani tu, katika sala na Biblia, nami nilikipenda mno. Maneno kama rehema na uzima nilikuwa nikiyatafuna njia nzima kama muwa. Niliamini ni lugha ya Mungu, na kwamba haisemwi ila macho yakiwa yamefumbwa.

Kisha kukhu, bibi yangu mzaa baba, akapata kidonda mguuni. Kilishinda majani yote aliyoyajua, na homa ikampanda. Baba alikuwa kazini mbali, mama alikuwa amejifungua juzi. Dresa wa zahanati ya mjini, yule mganga wa kusafisha na kufunga vidonda, alikuwa mtu wa pwani, hajui Kiluhya, na kukhu hakujua Kiswahili hata cha salamu. Ikaamuliwa niende naye. Jirani alimpakia kukhu kwenye baiskeli, akaisukuma hadi mlangoni, kisha akaenda zake sokoni.

Njiani kukhu alinishika bega. "Wewe ndiwe mdomo wangu," alisema. "Mwambie asinikate mguu."

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimejaa furaha. Nilikuwa naenda kusema Kiswahili na mtu ninayemwona!

Chumba kilinuka spiriti, na benchi lilijaa wagonjwa. Dresa, kijana mwenye kofia nyeupe ya kufumwa, aliuliza shida yetu. Nikafumba macho, nikakutanisha viganja, nikapaza sauti: "Ee mwenye rehema, utuangalie sisi wanyonge. Umponye mja wako, umjalie uzima, sasa na hata milele."

Benchi zima likaitikia, "Amina."

Nilipofumbua macho, dresa mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, viganja wazi mbele ya kifua, jinsi Waislamu wa Mumias wanavyoomba dua. Mzee mmoja akauliza kwa Kiluhya kama sasa sadaka itapitishwa. Dresa akauliza tena bibi anaumwa nini. Nikamjibu kwamba nimekwisha kusema. Alicheka mpaka akachuchumaa mbele yangu.

"Mwanangu, mimi si Mungu. Nitazame, uniambie."

Kwetu mtoto hamkazii macho mkubwa. Lakini nikamtazama. Akauliza siku ngapi, kama damu inatoka, kama maumivu yamefika mfupani. Nilistaajabu, maana siku, damu na mfupa vyote nilivipata kanisani! Nikajibu moja moja. Mwisho nikasema, "Usimkate bibi mguu."

Aliufunua mguu, akautazama kwa muda mrefu. "Hakatwi," alisema.

Nilipomgeuzia kukhu neno lile kwa Kiluhya, alishusha pumzi kama aliyetua kuni. Akataka alisikie tena, vilevile alivyolitamka dresa.

Kidonda kilipona. Kukhu hakujifunza neno jingine la Kiswahili. Lakini kila jioni, baada ya kusali kwa Kiluhya, alimalizia, "Hakatwi. Amina." Sisi watoto tulifinyana tusicheke. Nimekuwa mtu mzima, nimeomba mengi na kungoja mengi, ndipo nikaelewa kwamba sisi tulikuwa bado tunaomba, na yeye alikuwa anashukuru.